Diski inayopotea na kurejea: Chunguza kebo na umeme kabla ya kununua nyingine

TARAKILISHI ya mezani iliyofanya kazi vyema jana huwashwa leo ikadai kwamba haina diski. Mwenyewe huizima, akaiwasha tena, na diski ikaonekana kana kwamba haikuwa imekwenda popote. Baada ya siku tatu hupotea tena, safari hii katikati ya kazi, skrini ikaganda huku barua ya mteja ikiwa imeandikwa nusu.

Hitilafu hii si ngeni kwa wenye vibanda vya kuchapa na vya intaneti kando ya barabara ya Kisumu kuelekea Ahero, pale Nyamasaria, mashariki mwa jiji. Aidha, ni miongoni mwa hitilafu zinazotibiwa vibaya zaidi. Diski ikifa kabisa, kila mtu hujua imekufa. Ikipotea na kurejea, mwenye mashine hujipa moyo kila inaporejea. Fundi naye, kwa kuwa mashine humfanyia ukaidi wa kutoonyesha kosa anapoitazama, hutoa hukumu iliyo rahisi: "Mama, hii diski imekwisha, tutafute nyingine."

Aghalabu hukumu hiyo hutolewa mapema mno. Kati ya diski na ubao mkuu wa tarakilishi kuna kebo ya data, kebo ya umeme, viunganishi kadhaa, kisanduku cha umeme, na mipangilio inayolindwa na betri isiyozidi ukubwa wa sarafu. Kimoja kati ya hivyo kikilegea, diski nzima huonekana kana kwamba imetoweka, ilhali ndani yake haina jeraha lolote. Kwa upande mwingine, zipo diski ambazo kweli zinakufa, na kupotea huko ndiyo dalili yake ya kwanza. Kazi ya uchunguzi ni kutenganisha hali hizi mbili bila kupoteza kilichohifadhiwa.

Nakili kwanza

Na kilichohifadhiwa si haba. Katika kibanda kimoja cha kawaida, diski moja hubeba ratiba za mazishi zinazosubiri kuchapishwa kabla ya Ijumaa, wasifukazi wa vijana wanaotafuta ajira, tasnifu za wanafunzi wa vyuo, hesabu za chama cha akina mama na nakala za vitambulisho vya wateja. Diski hununuliwa, tasnifu iliyoandikwa kwa miezi saba hainunuliwi.

Kwa sababu hiyo, diski inaporejea baada ya kupotea, jambo la kwanza si kuizima ili kuona kama itapotea tena. Iache iendelee kuwaka, chomeka diski ya nje, kisha unakili. Anza na nyaraka, picha na vitabu vya hesabu. Programu ziache, kwa sababu zinaweza kuwekwa upya. Faili moja ikikwama, iruke uende kwa nyingine, usiing'ang'anie kwa nusu saa huku diski ikihangaika. Ukimaliza, weka nakala ya pili mahali pengine, hata ikiwa ni kwenye flashi ya mtu unayemwamini.

Kuna mtego hapa ambao umewaponza wengi. Windows ikigundua kwamba ilizimika vibaya, wakati mwingine hujitolea kukagua na kurekebisha diski kabla haijawaka. Ukaguzi huo ni mzuri kwa diski iliyounganishwa imara. Diski ikipotea na kurejea katikati ya ukaguzi, programu hiyo huandika marekebisho juu ya kile inachodhani ni kosa, na faili zilizokuwa salama zikageuka vipande visivyo na majina. Bonyeza kitufe chochote cha kibodi kuuahirisha ukaguzi hadi utakapokuwa na nakala na kebo unayoiamini.

Kabla ya kuendelea, neno moja kuhusu istilahi. Vitabu vyetu vya shule hupendekeza "tarakilishi", fundi husema "kompyuta", na mwenye duka husema "mashine". Makala haya yanatumia yote matatu. Kwa "diski" tunakusudia ile iliyofungwa ndani ya kasha, ambayo wengi huiita hadi diski.

Sikiliza kabla ya kufungua

Kosa linalokuja na kuondoka huwa na ratiba yake. Chukua daftari, uandike ni saa ngapi diski ilipotea, kulikuwa na joto au baridi, mashine ilikuwa imewaka kwa muda gani, na nani alikuwa amegusa nini. Baada ya mara tatu au nne, daftari hilo litakuwa limesema mengi kuliko kubahatisha kwa siku nzima.

Diski ikipotea kasha linaposogezwa, au mtu anapoigonga meza kwa goti, mshukiwa wa kwanza ni kiunganishi kilicholegea. Ikipotea asubuhi mashine ikiwa baridi, kisha ikakaa sawa mchana kutwa, tazama kisanduku cha umeme. Ikipotea baada ya dakika ishirini za kazi na kurejea mashine ikipumzishwa, tazama joto na saketi iliyo juu ya diski yenyewe. Ikipotea wakati jirani mwenye karakana anapoanza kuchomelea vyuma, au jokofu la samaki la duka la pili linapowaka, tatizo huenda halimo ndani ya mashine kabisa. Na ikipotea pale tu unaponakili mafaili makubwa, kebo ya data ndiyo ya kuulizwa, kwa kuwa ndiyo inayofanya kazi ngumu wakati huo.

Sikio pia ni chombo. Diski ya kuzunguka huanza kwa mvumo unaopanda taratibu kisha ukatulia. Ukisikia mvumo ukikatika ghafla, kimya kidogo, kisha mvumo mpya ukianza, diski imekosa umeme kwa muda. Ukisikia mgongano wa tik, tik, tik unaojirudia kwa mpigo ule ule, hiyo ni habari nyingine ambayo tutaifikia.

Yapo pia matukio mawili yanayofanana na ugonjwa huu ilhali si ugonjwa wa diski. La kwanza ni flashi iliyosahauliwa na mteja nyuma ya mashine. Tarakilishi nyingi zimepangwa kutafuta mfumo kwenye flashi kwanza. Zikiikuta tupu, huandika kwamba hakuna mfumo wa kuwashia, na mwenyewe akadhani diski imetoweka. Iondoe, uwashe upya. Wapo waliouziwa diski kwa sababu ya flashi ya mtu mwingine.

La pili ni betri ya ubao mkuu, ile ya duara aina ya CR2032 yenye volti 3. Kazi yake ni kulinda saa na mipangilio mashine inapokosa umeme wa ukutani. Ikiisha nguvu, kila umeme unapopotea mashine husahau ilivyopangwa, na kati ya yanayosahaulika ni mpangilio wa kuwasiliana na diski. Windows iliyowekwa chini ya mpangilio wa AHCI ikikuta umegeuzwa kuwa IDE au RAID, aghalabu hukataa kuwaka. Dalili yake ni saa iliyorudi nyuma miaka kadhaa, pamoja na tovuti zinazokataa kufunguka zikilalamikia usalama. Kwa mashine za mitumba zilizotoka ofisi za ng'ambo baada ya miaka mitano au zaidi, betri hiyo ibadilishwe hata kabla haijalalamika.

Kebo

Hapa ndipo pana mavuno makubwa zaidi, kwa hivyo tutakaa kidogo.

Hadi mwanzoni mwa miaka ya 2000, diski ziliunganishwa kwa utepe mpana wa nyaya uliochomekwa kwa pini 40. Kuanzia 2003 nafasi yake ilichukuliwa na SATA, yenye kebo nyembamba ya mawasiliano saba kwa upande wa data, na kiunganishi kipana zaidi cha mawasiliano 15 kwa upande wa umeme. SATA ilileta kasi na ikaondoa msongamano ndani ya kasha. Ilileta pia udhaifu mmoja: kiunganishi chake cha data ni kijipande cha plastiki kinachoshikilia kwa msuguano tu. Matoleo ya awali hayakuwa na hata kikwamizo cha chuma cha kukizuia kisichomoke. Kikwamizo kilikuja baadaye, na hadi leo zipo kebo nyingi zisizonacho.

Isitoshe, kiunganishi cha ndani cha SATA kimesanifiwa kustahimili kuchomekwa na kuchomolewa takriban mara 50 tu. Idadi hiyo inatosha kwa mashine inayofungwa kiwandani na kukaa ofisini. Haitoshi kwa kebo inayoishi kwenye droo ya fundi, inayotumika kujaribia kila mashine inayoingia dukani. Kebo kama hiyo ndiyo hutumiwa kuthibitisha kwamba diski yako ni mbovu.

Zima mashine, chomoa waya wa ukutani, kisha ubonyeze kitufe cha kuwasha kwa sekunde kadhaa ili umeme uliobaki uishe. Gusa chuma cha kasha kabla ya kugusa kitu kingine, kwa maana cheche ndogo ya mwili usiyoihisi hutosha kuua saketi. Fungua ubavu wa kasha. Chomoa kebo ya data pande zote mbili na uitazame. Plastiki iliyopasuka, mawasiliano yaliyoingia weusi au kijani, kebo iliyokunjwa kwa pembe kali kama karatasi, au iliyobanwa na mfuniko wa kasha, zote ni sababu tosha ya kuitupa. Kebo ya SATA haipaswi kuzidi mita 1, na ndani ya kasha la kawaida nusu mita hutosha.

Ukiichomeka tena, iingie yote hadi ikome, bila kukaa mshazari. Mara nyingi kuchomoa na kuchomeka huku peke yake huponya ugonjwa, kwa kuwa kunakwangua utando mwembamba uliokuwa umejenga juu ya mawasiliano. Huo si uponyaji wa kudumu. Mashine ikipona kwa namna hiyo, ichukulie kwamba imekuonyesha ugonjwa uko wapi, kisha ununue kebo mpya, ambayo bei yake ni ndogo mno ikilinganishwa na ya diski.

Kanuni ya kuzingatia ni kubadilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja. Badilisha kebo, ufanye kazi siku mbili. Tatizo likirudi, hamisha kebo hiyo kwenye soketi nyingine ya ubao mkuu, kwa sababu soketi nayo huchakaa. Likirudi tena, ndipo uguse umeme. Fundi anayebadilisha kebo, soketi na mipangilio kwa mkupuo anaweza kuiponya mashine, lakini hatajua alichoponya, na mteja atalipia vyote.

Diski hutunza ushahidi

Wasomaji wengi hawajui kwamba diski huandika daftari la maisha yake yenyewe. Daftari hilo huitwa SMART, na husomwa kwa programu zisizolipiwa kama CrystalDiskInfo kwenye Windows, au smartmontools kwenye Linux.

Kila kipande cha data kinaposafiri kwenye kebo, huambatanishwa na hesabu ndogo ya uthibitisho. Upande unaopokea huipiga upya hesabu hiyo. Majibu yakitofautiana, kipande hicho huagizwa upya, na diski huongeza moja kwenye safu namba 199, ambayo programu nyingine huiandika C7. Safu hii haihesabu majeraha ya ndani ya diski, bali data iliyoharibika njiani. Ikipanda, mlaumu msafirishaji: kebo, kiunganishi au soketi.

Idadi hiyo huwa haifutiki. Diski iliyowahi kuteseka na kebo mbovu mwaka uliopita bado itaionyesha leo. Kinachotafutwa basi si ukubwa wa namba bali mwendo wake. Iandike kwenye daftari, badilisha kebo, fanya kazi wiki moja, kisha usome tena. Ikisimama pale pale, umepata mkosaji. CrystalDiskInfo kwa kawaida huonyesha idadi hizi kwa mfumo wa kumi na sita, unaotumia tarakimu pamoja na herufi A hadi F, hivyo usishtuke ukikuta 1A: hiyo ni 26.

Safu nyingine tatu huzungumzia diski yenyewe. Safu ya 5 huhesabu sehemu zilizokwisha kuharibika na kubadilishwa na za akiba. Ya 197 huhesabu zinazosubiri hukumu kwa kuwa hazisomeki vyema. Ya 198 ni zile zilizoshindikana kabisa kusomwa katika ukaguzi. Zote tatu zikiwa sifuri huku 199 ikipanda, diski yako yamkini ni nzima na inasingiziwa. Safu ya 5 au ya 197 ikipanda wiki hadi wiki, kebo mpya haitaiokoa.

Windows nayo ina kumbukumbu zake za matukio, ambamo namba chache zinatosha kwa kazi hii. Tukio namba 129 humaanisha mfumo ulisubiri jibu la diski hadi ukakata tamaa na kuianzisha upya. Namba 153 ni ombi lililolazimika kurudiwa. Namba 7 humaanisha diski imekiri kuwa na sehemu mbovu. Mlolongo wa 129 bila 7 hata moja huelekeza kwenye kebo, umeme au mipangilio. Wanaotumia Linux huona mfumo ukipunguza kasi wenyewe, kutoka gigabiti 6 kwa sekunde hadi 3, kisha 1.5, kama dereva anayepunguza mwendo baada ya kuona barabara ina mashimo.

Umeme

Diski ya kawaida ya mezani huhitaji umeme wa aina mbili kutoka kwenye kisanduku cha umeme: volti 5 kwa saketi na volti 12 kwa mota. Wakati wa kuanza kuzunguka, mota hiyo huweza kuvuta ampea 2 hivi, mara kadhaa ya inavyohitaji ikishika mwendo. Kisanduku kilichochoka huonyesha udhaifu wake wakati huo. Mashine huwaka, feni huzunguka, skrini inaonyesha picha, ila diski haikupata nguvu ya kuamka.

Mwenye multimita anaweza kupima kwenye kiunganishi cha pini nne kisichotumika, mashine ikiwaka. Waya wa njano dhidi ya mweusi usome kati ya volti 11.4 na 12.6, na mwekundu dhidi ya mweusi kati ya 4.75 na 5.25. Upime mashine ikiwa kazini, si ikiwa imetulia tu. Kisanduku chenyewe kisifunguliwe na asiyejua, kwa sababu kapasita zake huhifadhi umeme hatari hata baada ya kuchomolewa ukutani.

Jihadhari na vipande vya kugeuzia kiunganishi cha zamani cha pini nne kuwa cha SATA, hasa vile ambavyo plastiki yake imemiminwa pamoja na nyaya. Ndani yake nyaya hukaribiana mno, na vimejulikana kuungua na kuchoma diski. Vilevile, katika mashine nyingi za ofisi za HP, Dell na Lenovo za miaka ya karibuni, umeme wa diski hautoki moja kwa moja kwenye kisanduku bali kwenye ubao mkuu, kupitia kebo nyembamba ya aina yake. Kebo hiyo haibadilishwi na ya kampuni nyingine kwa sababu tu inaingia.

Ukiwa umefungua kasha, tazama pia kapasita za ubao mkuu, yale mapipa madogo yaliyosimama. Vichwa vyake viwe bapa. Vikivimba au kutoa ute wa kahawia, ubao umechoka, na soketi zake za diski huweza kukatika ovyo. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 kapasita hafifu zilienea ulimwenguni kote. Dell pekee ilitenga dola milioni 300 mnamo 2005 kwa ajili ya kubadilisha mbao za aina fulani za OptiPlex. Jina OptiPlex si geni katika soko letu la mitumba.

Kisha kuna umeme wa ukutani. Kiwango cha Kenya ni volti 240. Kisanduku chema hustahimili upungufu wa umeme kwa takriban milisekunde 16. Ukizidi hapo, mashine huzimika, au hubaki ikiwaka huku diski imepotea. Pale ambapo kibanda kinagawana laini na mchomeleaji, jokofu na kinu cha kusaga, mishtuko kama hiyo hutokea mara nyingi kwa siku bila taa kuzimika. Mvua za ngurumo za alasiri, ambazo watu wa kando ya ziwa wamezizoea, huongeza hatari ya umeme kuruka. Na zipo siku ambazo nchi nzima hukumbwa: Juni 7, 2016, tumbili alianguka kwenye transfoma katika kituo cha Gitaru, umeme ukapotea karibu kote nchini kwa saa kadhaa. Agosti 25, 2023, giza kama hilo lilirejea, safari hii bila tumbili.

Dawa yake ni UPS, ambayo hulinda dhidi ya kuzimika na, kwa kiasi, dhidi ya mishtuko. Betri yake hudumu miaka mitatu hadi mitano. UPS yenye betri iliyokufa huifanyia mashine hila mbaya zaidi kuliko kutokuwapo, kwa kuwa yenyewe hukatika pale umeme unapoyumba. Ngurumo zinapokaribia, chomoa waya wa ukutani pamoja na kebo ya intaneti, maana radi hupita humo vilevile.

Joto, vumbi na unyevu

Hewa ya Kisumu si kama ya Mombasa, ambako chumvi ya bahari hula mawasiliano ya shaba kwa haraka. Ziwa letu ni la maji baridi. Lakini unyevu upo, joto la mchana mara nyingi hukaribia nyuzi 30, na chini ya mabati ya kibanda huzidi hapo. Diski nyingi za mezani hazipaswi kupita nyuzi 60, na SMART huonyesha zilipo. Feni ya mbele iliyozibwa na vumbi la barabara, au na wale visubi wanaopaa kutoka ziwani kama moshi na kukimbilia taa usiku, haiwezi kuipoza.

Nyamasaria imo katika uwanda unaofurika mvua zinapozidi. Kasha lisiwekwe sakafuni hata wakati wa kiangazi, kwani vumbi la sakafuni nalo huvutwa na feni. Ukisafisha mawasiliano, tumia kitambaa kisicho na nyuzi na spiriti ya isopropili, uache yakauke kabisa. Usiyasugue kwa msasa, maana utaondoa utando mwembamba wa dhahabu unaoyalinda. Aidha, diski nyingi zina tundu dogo la kupumulia, ambalo mtengenezaji ameandika lisizibwe. Stika ya duka isibandikwe hapo.

Iwapo kebo, soketi, umeme na joto vyote vimesafishwa jina, kuna mpangilio mmoja wa Windows wa kuutazama. Ili kuokoa umeme, mfumo hulaza diski isipotumika kwa muda, na hulaza pia njia ya mawasiliano ya SATA. Baadhi ya diski, zikiwemo zile za SSD zisizo na sehemu zinazozunguka, huchelewa kuamka na zikahesabiwa kuwa zimepotea. Zima yote mawili katika mipangilio ya umeme, kisha utazame.

Inapokuwa diski kweli

Peleka diski kwenye mashine nyingine nzima, kwa kebo nyingine na umeme mwingine. Ikipotea huko pia, basi ni yenyewe.

Ule mgongano wa tik, tik uliotajwa awali hutoka kwenye vichwa vya kusomea vinavyotafuta mahali pake bila kupaona. Vichwa hivyo huelea juu ya sahani inayozunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika, kwa umbali mdogo mno kuliko unene wa unywele. Kila jaribio huweza kukwangua sahani. Izime. Ushauri wa kuifunga kwa mfuko na kuiweka kwenye jokofu bado huzunguka mitaani. Diski hutoka humo ikiwa na matone ya maji, na wataalamu wa kuokoa data huichukia hila hiyo kwa sababu nzuri. Kubadilisha saketi ya chini kwa nyingine ya diski inayofanana nako hakufui dafu siku hizi, kwa kuwa saketi hubeba vipimo vya diski ile moja, na lazima kijipande chenye vipimo hivyo kihamishwe kwa kuchomelewa.

Diski isiyogonga lakini inayosoma kwa kusuasua inaweza kunakiliwa na programu ya ddrescue ya Linux, ambayo huchukua kwanza sehemu zilizo rahisi na kurudia ngumu baadaye. Nakala iwekwe kwenye diski nyingine nzima, kamwe isiwe juu ya ile ile.

Usiiache diski mbovu kwa fundi kama malipo ya nusu. Data ya wateja bado imo, na Sheria ya Kulinda Data ya 2019 humdai anayehifadhi maelezo ya watu ayalinde. Nakala ya kitambulisho cha mtu haipotezi thamani kwa mwizi eti kwa sababu diski inagonga. Ikiwa bado inaonekana, ifutwe kwa programu inayoandika juu ya kila sehemu. Ikiwa haionekani tena, ifunguliwe na sahani zake ziharibiwe. Zile za kioo huvunjika vipande vikali, kwa hivyo zifungwe kwanza ndani ya kitambaa kizito.

Na kebo ile iliyothibitishwa kuwa mbovu ikatwe vipande viwili kwa mkasi kabla ya kutupwa, la sivyo itarudi kwenye droo.